Biti ilijulikana Umoja nzima, mwenye biti hakujulikana: kisa cha prodyusa mmoja

Kuna wimbo ulipigwa sana kwa nganya, yaani matatu zile za muziki mkubwa, za mtaa wa Umoja hapa Nairobi, karibu miezi mitatu hivi, ule besi inaingia alafu kila kitu kinanyamaza kidogo kabla ya korasi, na makanga walikuwa wanangoja hapo pa kunyamaza ndo wapige bodi ya gari. Sitautaja, hiki kisa si cha kuaibisha mtu. Naandika juu siku moja kijana wa miaka 22 aliingia kwa chumba changu cha kumiksi huku Ngara, laptopu iko ndani ya begi ya shule, akaniambia "mkubwa, ile biti ni yangu", yaani mdundo wa ule wimbo. Nikamuuliza, na mtu atajuaje?

Hakukuwa na njia ya kujua.

Nimemwomba ruhusa niandike stori yake bila jina, akakubali, akasema niweke hata zile sehemu zinauma juu kuna maprodyusa wengi wamekwama palepale alikuwa amekwama.

Sasa, kitu cha kwanza ujue ni kwamba shida haikuwa kipaji. Alikuwa na FL Studio, ile programu ya kutengeneza biti, laptopu ya mkono wa pili ya kununua tao, hedifoni sikio moja limeanza kupotea, na biti zaidi ya mia mbili ambazo nyingi ni safi kabisa. Nasema mapema juu prodyusa akilia hapati kazi watu humwambia tu kazana, jifunze zaidi, na kwa huyu hiyo ingekuwa dhuluma. Alikuja nimmastie biti kumi, yaani nizipe sauti ya mwisho, azitoe kama EP, albamu fupi, akiamini watu hawampigii simu juu sauti yake haijafika ukubwa wa zile za studio kubwa. Alikuwa ametenga elfu kumi na tano. Kabla ya hapo elfu nane zilikuwa zimeishia kulipia posti ya Instagram isukumwe mbele ya watu, ikapata laiki kibao, nyingi za watu ambao hawaimbi, hawachezi diski, hawana hata rafiki msanii.

Nikamwambia arudishe pesa mfukoni, tukae chini na simu, tujifanye mimi ni mtu nimesikia ule wimbo kwa gari nikaipenda biti na ninataka kumpa kazi leo jioni. Nianzie wapi?

Nikaanza na wimbo wenyewe. Hauna tagi, yaani hakuna mahali sauti inatamka jina lake. Hiki kitu watu hukichukulia kama majigambo lakini rudi nyuma kidogo ufikirie venye enzi za Ogopa Deejays, ile studio ya Nairobi, ulikuwa unajua wimbo umetoka nyumba gani kabla hata hujajua nani anaimba, na prodyusa Magix Enga naye akafanya jina lake liwe sehemu ya wimbo, watoto wanalisema wakicheza. Nairobi muziki unasikika sana mahali hakuna mtu anaangalia skrini. Kwa matatu, kinyozi, kwa klabu. Ka jina lako haliko ndani ya sauti, huko kote wewe haupo.

Nikaenda Spotify, nikafungua sehemu ya watu waliohusika kwa wimbo. Mwimbaji, mwandishi, prodyusa: jina lilelile moja la msanii. YouTube maelezo ya chini yalikuwa na namba ya msanii ya shoo na linki za msanii basi. Nikaandika kwa utafutaji jina ambalo dogo alikuwa anatumia, likaleta kampuni ya viatu. Instagram yake ilikuwa na jina lingine tofauti, na namba kwa ukurasa ilikuwa ya laini aliyopoteza. Kwa dakika kumi nikiwa nimekaa na mwenyewe kando yangu bado singempata, sasa fikiria mtu yuko Rongai.

Alafu tukafika mahali paliniuma mimi mwenyewe hadi leo.

Alikuwa ameniambia amewatumia biti wasanii karibu 60, wote wenye majina, na hakuna hata mmoja alijibu. Alikuwa amelichukulia kama dharau. Alikuwa ameanza kusema mjini hakuna kitu bila kujuana, na unajua mtu akishaanza kusema hivyo anaanza pia kuacha. Nikamwambia nionyeshe ule ujumbe. Ulikuwa wa maneno mengi ya kujieleza, maisha yake, venye anaamini wakipewa nafasi watafika mbali, alafu chini kuna linki ya folda ya Google Drive. Nikaifungua na simu yangu. Ikaniambia sina ruhusa, niombe mwenye folda anifungulie.

Linki ilikuwa imefungwa tangu siku ya kwanza.

Yeye akiifungua inafunguka juu ni yake, hangeweza kujua. Na maombi ya ruhusa yalikuwa yanaenda kwa ile imeili aliifungulia simu ya zamani na akaacha kuiangalia. Tulitafuta neno la siri nusu saa, tukaingia, tukapata maombi 11. Watu 11 walikuwa wamesimama mlangoni wakabisha. Mmoja alikuwa msanii ambaye dogo ana picha yake kama skrini ya laptopu, na ombi lake lilikuwa la miezi minne iliyopita. Dogo hakusema kitu, alifunga laptopu akatoka nje akakaa kwa ngazi, na mimi nikamwacha akae.

Kwa hivyo nikiulizwa hiki kisa kinahusu nini nasema ni hii: kazi yake ilikuwa inasafiri na jina lake linabaki nyumbani. Kila hatua biti iliyopiga, kutoka kwa laptopu, kwa msanii, kwa DJ, kwa gari, kuna mahali jina lilidondoka na hakuna mtu aliliokota. Matangazo ya kulipia hayangesaidia juu yalikuwa yanaongeza watu kwa njia ambayo haifiki mahali.

Tuseme ukweli pia kuhusu wale 60. Hata ka linki ingekuwa wazi, mimi sidhani wengi wangechukua. Msanii ameshatoboa ana prodyusa wake tayari, mtu alikula naye njaa, na anapokea faili za watu asiowajua kila siku, hana sababu ya kufungua folda ya biti 40 atafute moja. Biti arubaini si zawadi, ni kazi umempa. Na ujumbe ule ulikuwa unaomba bila kuonyesha umesikiliza hata wimbo mmoja wa huyo mtu. Tulikuja kukubaliana biti tatu tu kwa mtu mmoja, zimechaguliwa kwa sauti yake, na sentensi moja inasema kwa nini hizo. Ka huwezi kuandika hiyo sentensi basi bado hujamsikiliza, usitume.

Kitu kingine kidogo lakini kilibadilisha mambo sana: jina la faili. Zake zilikuwa zinaitwa "new beat final 2" na vitu kama hizo. Ukituma wimbo kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida, simu ya Android inamwekea jina lake yenyewe, AUD alafu tarehe alafu WA na namba, na kwa simu ya msanii ambaye ana mia ya hizo wewe umeshapotea. Ukituma kama dokumenti jina linabaki venye uliliandika. Sasa faili zake zote zinaanza na jina lake la kazi, mwendo wa biti, ki yake (key, ile noti wimbo umejengwa juu yake), na namba ya simu mwishoni. Kuna msanii wa Kayole alimpigia wiki sita baada ya kutumiwa biti, alikuwa amesahau ni nani alimtumia, akasoma namba kwa faili.

Na jina la kazi lenyewe tulilibadilisha, moja, lisilo la kampuni ya viatu, likawekwa sawa kila mahali. Binamu yake msichana akarekodi tagi, maneno mawili, sekunde mbili. Sharti langu lilikuwa moja tu, tagi iingie mahali haiui wimbo, mwanzoni ama kabla ya korasi, basi. Kwa biti za kutuma iwe inarudiwa ili mtu asiirekodie kimyakimya, lakini wimbo ukishalipiwa iwe mara moja.

Kuhusu msanii wa ule wimbo. Dogo alikuwa na hasira, alitaka kupiga ripoti wimbo utolewe YouTube. Nilimsihi asifanye hivyo kabla ya kuongea na mwenzake, na bado naamini nilimshauri vizuri, juu msanii alipoitwa alikuja siku hiyohiyo, na ukweli ni kwamba wakati wa kuaplodi kwa kampuni ya kusambaza nyimbo mtandaoni kuna fomu inauliza mtunzi nani, prodyusa nani, na yeye alijaza jina lake kila mahali ili amalize haraka. Hakuiba. Hakujua. Hapa Nairobi vita vingi vya msanii na prodyusa nimeona vimeanzia hiyo fomu.

Hapo ilibidi tuongee sheria kidogo, na naomba usiruke hii sehemu ka wewe ni prodyusa. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya, ile Copyright Act ya 2001, wimbo mmoja uliorekodiwa umebeba haki zaidi ya moja. Kuna utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna rekodi yenyewe. Na mwenye rekodi kisheria ni yule alifanya mipango ya rekodi ifanyike, ambaye si lazima awe yule alitengeneza biti. Kwa hivyo ka msanii ndo alilipia studio na kupanga kila kitu, anaweza kuwa ndiye "prodyusa" wa kisheria, na wewe mwenye biti ukawa mtunzi mwenza. Neno moja, maana mbili, na watu wanapigana wakiongea vitu tofauti. Ndo maana pia mashirika ya kukusanya pesa za muziki yalikuwa yamegawanywa matatu: MCSK upande wa watunzi, KAMP upande wa wenye rekodi, PRISK upande wa wanaoimba na kupiga vyombo, na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, juu yao kama msimamizi. Dogo alikuwa anadhani KAMP ndo kwake juu ina neno maprodyusa, kumbe kwa ule wimbo kwake ni upande wa watunzi.

Kitu kilimtuliza ni hiki: kuhamisha hakimiliki lazima kuwe kwa maandishi na kuwekwe sahihi. Yeye hakuwahi kutia sahihi popote. Alimwachia huyo msanii, rafiki yake, biti kwa mdomo, na hiyo inaweza kuhesabika kama ruhusa ya kutumia, lakini si kumpa umiliki. Kwa hivyo sehemu yake ya utunzi ilikuwa bado ni yake, alichokosa ni jina lake kuandikwa. Siku hiyo waliandika karatasi ya mgao, ukurasa mmoja, nani alifanya nini, utunzi nusu kwa nusu, namba za kitambulisho, sahihi mbili na mimi shahidi. Msanii akarekebisha majina kwa ile kampuni ya usambazaji, na baada ya siku kadhaa jina la dogo likaonekana Spotify. Alinitumia picha ya skrini saa sita usiku.

Tangu hapo karatasi inasainiwa kabla maiki haijawashwa. Si baada ya wimbo kushika, kabla. Wimbo ukishashika kila mtu anakumbuka mchango wake ukiwa mkubwa kuliko ulivyokuwa, hata watu wazuri.

Sasa koneksheni. Hapa ndo nina maoni makali kidogo. Dogo alikuwa anaenda Westlands wikendi na flashi mfukoni, anangoja msanii ashuke jukwaani ampe. Alifanya hivyo mara nne tano, nauli, kiingilio, na kurudi Umoja usiku si bei rahisi. Mtu akishuka jukwaani amechoka, ana jasho, amezungukwa, flashi yako inaishia kwa meza ya klabu. Nilimwambia aende saa tisa mchana, wakati mafundi wa sauti wanafunga spika na bendi inajaribu sauti. Hapo watu wako na saa tatu za kungoja na hawana wa kuongea naye. Jamaa wa sauti ninayemjua alikuwa na kazi ya tamasha upande wa Loita Street, akamkubalia aje akunje nyaya za maiki na kubeba stendi bila malipo. Shoo ya tatu alikuwa anajua jina la kila mtu nyuma ya jukwaa, na mpiga gita wa bendi mmoja ndo baadaye alikuja kumpigia gita kwa wimbo wa injili uliomlipa kuliko kitu kingine chote mwaka huo. Hakumpa mtu flashi hata moja. Aliulizwa "na wewe unafanyanga nini?" akajibu.

Na kwingine ilikuwa pale Santuri, The Mall Westlands, watu wa muziki wa kielektroniki, ambapo unakutana na maprodyusa wenzako badala ya wasanii. Aliona haina maana mwanzoni, ati mbona nikae na washindani. Lakini prodyusa aliyejaa kazi ndo hukupa ile amekosa muda wa kufanya. Kazi mbili za tangazo alizipata hivyo, moja ya duka la simu, moja ya kanisa.

Kubwa zaidi lakini ilikuwa Jumamosi. Tulichukua karatasi tukaandika wasanii wanaoishi mahali anaweza kufika kwa miguu, wasio na jina bado lakini wanaotoa nyimbo bila kukatizwa. Tukapata saba, watano wakaja. Kila Jumamosi asubuhi, chumbani kwao, mama yake anapika chai, wimbo mmoja unaanzwa na kumalizwa siku hiyo. Hakuwalipisha mwezi wa kwanza. Mimi huwa sipendi kazi ya bure na nilimwambia, lakini karatasi ya mgao ilikuwa inasainiwa kila mara, kwa hivyo bure haikuwa bure, alikuwa anapata sehemu ya nyimbo na watu watano wanatamka jina lake kwa mitaa yao. Msanii mkubwa akikupa nafasi unakuwa mgeni kwake milele. Hawa mnakua pamoja, na mmoja wao akipanda hawezi kukuacha kirahisi juu sauti yake ni wewe.

Ma-DJ nao walitaka kitu tofauti kabisa. Dogo alikuwa anawatumia wimbo uleule wa YouTube. DJ anahitaji mwanzo wa ngoma tupu ili achanganye na wimbo uliotangulia, ka sauti ya mtu inaanza sekunde ya kwanza anakuwa na kazi, na akiwa na nyimbo elfu moja ataruka yako. Kwa redio kuna sheria ya vipindi, toka saa kumi na moja asubuhi hadi saa nne usiku kitu kichafu hakipigwi, sasa usipompa toleo safi umemfungia wewe mwenyewe mchana wote. Kwa hivyo kila wimbo ulianza kutoka na faili tatu: wa kawaida, safi, na wa DJ wenye mwanzo na mwisho mrefu. Wale wanaotengeneza miksi za nganya aliwafuata jioni mahali magari yanaoshwa, na si kuomba tu, aliwauliza gari lao lina besi ya aina gani akaenda kurekebisha. Hiyo heshima ndogo walimkumbukia.

Tukiangalia matokeo, miezi minane baadaye hakuwa tajiri. EP hakuitoa. Nyimbo tatu kati ya zile za Jumamosi hazikufika hata ile hesabu ya kusikilizwa mara 1,000 kwa mwaka ambayo Spotify iliweka 2024 kabla wimbo kuanza kulipwa, na moja tu ndo ilishika mtaani kidogo. Lakini alikuwa na kazi za kulipwa tatu ama nne kila mwezi, nyingi za kanisa na matangazo ambazo hakuwahi kuziota, na karibu zote zilitoka kwa mtu anayemjua mtu aliyekuwa chumbani siku fulani. Wale 11 aliwajibu wote, akaomba msamaha bila kujieleza sana, kila mmoja biti tatu. Watatu walijibu. Yule wa picha ya skrini hakujibu, na dogo aliitoa hiyo picha akaweka ya chumba chake Jumamosi.

Kuna jambo moja tulitofautiana na bado tunatofautiana. Zile hela ule wimbo wa kwanza uliingiza kabla majina hayajarekebishwa, za YouTube na za Skiza, ile milio mtu anasikia akikupigia simu, mimi nilimwambia adai nusu yake, ni haki yake na karatasi inamtetea. Alikataa. Aliniambia wakati wanarekodi alikuwa amefungiwa nyumba na mama ya huyo msanii ndo alimlisha wiki tatu, hatahesabu hiyo. Nikamwambia chakula na hakimiliki ni vitu viwili. Akaniambia "mkubwa, kwako ni viwili."